Kipimo cha mkate kwenye mlango wa kanisa

Mhariri,

Mimi ni mwashi. Nimejenga kwa matofali ya kuchoma kwa miaka 38 hapa Jinja, Uganda, na viunga vyake, kuanzia Walukuba nilikozaliwa hadi Bugembe, Kakira na Buwenge. Ni Mwislamu, na kanisani nilikuwa sijaingia ila kwa mazishi ya majirani. Natanguliza haya ili msomaji asidhani nimetumwa na paroko. Ninachotaka kusema kinahusu matofali, mkaa na maharage, ila kimeanzia kwenye mlango wa kanisa moja kongwe la Ujerumani, kwa hiyo itabidi mnivumilie nifike huko kwanza.

Binti yangu ni muuguzi katika mji wa Freiburg, kusini-magharibi mwa nchi ile, jirani na Ufaransa na Uswisi. Mwaka jana mwezi wa tisa alijifungua. Mama yake magoti yanamsumbua, hawezi kukaa kwenye ndege usiku kucha, nikatumwa mimi, mzee wa mwiko na timazi, nikambembeleze mjukuu. Mtoto mwenyewe alilala mchana akakesha usiku. Siku ya nne binti akanikuta nazunguka sebuleni nikigonga kuta kwa kidole kusikia kama ni tofali au mbao, akasema, "Baba, vaa koti. Nakupeleka mji wa zamani kabla hujabomoa nyumba ya watu."

Mji wa zamani wa Freiburg una vijifereji vya maji safi vinavyokimbia kandokando ya barabara za mawe, wazi kabisa, na watoto huburuta mashua za mbao humo. Wenyeji wana msemo kwamba mgeni akikanyaga maji yale kwa bahati mbaya, ataoa au kuolewa na mtu wa mji huo. Mimi nilikuwa naangalia juu, nikakanyaga. Nimemweleza mama watoto, kasema nijaribu aone.

Nilikuwa naangalia juu kwa sababu ya mnara. Kanisa lile wanaliita Münster. Lilianza kujengwa karibu mwaka 1200, na mnara wake wa mita 116 ukakamilika kama mwaka 1330. Sehemu ya mbele, ya altare kuu, ilianzishwa 1354 na haikuwekwa wakfu hadi 1513. Aliyechimba msingi ule hata kitukuu chake hakuona mwisho wa kazi. Mimi mwenye nyumba akinipa miezi mitatu, mwezi wa pili haujaisha ameshaanza kunipigia simu.

Jiwe lake ni jiwe la mchanga, jekundu lililofifia, kama udongo wetu wa Busoga baada ya kiangazi kirefu. Na kilele cha mnara kimetobolewa. Kuanzia pale mnara unapokuwa na pembe nane kwenda juu, mawe yamechongwa yakawa kama kofia ya mkono iliyotobolewa vizuri. Unaona mawingu yakipita upande wa pili. Nilisimama hadi shingo ikauma. Nilishawahi kwenda Kampala kwa nauli yangu, nikiwa kijana, kuangalia tu jinsi matofali mekundu ya Namirembe yalivyopangwa, yale ya kanisa lililojengwa kati ya 1915 na 1919 baada ya lile lililotangulia kuunguzwa na radi mwaka 1910. Pale nilielewa kila mstari. Hapa ilibidi nianze shule upya.

Ujenzi wa namna hii huitwa Gothiki. Kwa lugha ya saiti ni hivi. Tao la duara linasukuma sana ukuta kwa nje, ndiyo maana majengo ya kabla ya hapo yalikuwa na kuta nene na madirisha kama ya stoo. Tao lenye ncha linapeleka mzigo chini zaidi kuliko pembeni. Msukumo wa pembeni uliobaki wakaupokea kwa matao mengine yaliyo nje ya jengo, yanayoruka juu ya paa la chini hadi kwenye nguzo nzito, kama watu walioegemea lori lisirudi nyuma mlimani. Basi ukuta ukapumzika. Na ukuta usiobeba mzigo unaweza kuwa kioo, nao wakaufanya kioo kweli.

Mlangoni niliinama kufungua kamba za viatu. Binti akanishika bega. "Baba, hapa viatu havivuliwi. Kofia ndiyo inayovuliwa." Nikasimama kichwa wazi ndani ya nyumba ya ibada kwa mara ya kwanza tangu utotoni, nikijiona kama niliyetoka bafuni.

Vile vioo vya rangi vingi vililipiwa na vyama vya mafundi wa karne ya 14, na kila chama kiliweka alama yake humo humo. Waoka mikate wameweka mkate wao wa kusokotwa, washona nguo mkasi, washona viatu buti. Hata waliochimba fedha kwenye milima ya jirani wana dirisha lao. Waashi sikuwaona. Binti akasema labda waashi hawakuwa na pesa. Nikamwambia hapo neno labda halihitajiki.

Vioo hivyo viko hai kwa sababu wakati wa vita vilishushwa vikafichwa. Usiku wa Novemba 27, 1944 ndege za Waingereza zilipiga mji, watu wapatao 2,800 wakafa, mitaa iliyolizunguka kanisa ikawa kifusi. Kanisa lilipoteza vigae vya paa, likabaki limesimama, mnara nao haukuanguka. Wenyeji husema upepo wa mabomu ulipita kwenye yale matobo ukaenda zake. Huenda. Mimi nasifu pia vyuma vilivyofungwa ndani ya mawe kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, kwa kuwa chuma kikifungwa hivyo kinacheza kidogo bila kupasua jiwe. Nilipanda mnara ule ngazi zaidi ya 200 zinazojikunja kama konokono, nikafika juu sina hata pumzi ya kusema subhanallah.

Waashi wake bado wapo. Kanisa lina karakana yake ya wachonga mawe, na chama cha kulitunza kilianzishwa mwaka 1890. Jiwe lililoliwa na mvua linatolewa, jingine linachongwa kwa mkono, linarudishwa mahali pake. Mwaka 2020 UNESCO iliorodhesha karakana za namna hii za nchi kadhaa za Ulaya kuwa mfano wa kuhifadhi ufundi. Kwetu fundi akifa, timazi lake watoto hulifanya uzito wa kuvulia samaki.

Kabla sijafika kwenye kilichonileta kwenu, niseme jambo moja dogo. Juu, nje, kuna sanamu za kutemea maji ya mvua. Moja ni ya mtu aliyejikunja akaelekeza makalio hewani, na maji hutokea huko huko. Hadithi ya mtaani ni kwamba mwashi alipunjwa ujira wake, akajibu kwa jiwe. Ushahidi sina, ila zipo nyumba tatu hapa Jinja ambazo ningezichongea ya kwangu bila malipo ya ziada.

Sasa soko. Uwanja unaolizunguka kanisa ni soko, kila siku isipokuwa Jumapili. Upande wa kaskazini wanakaa wakulima na mboga zao, maua, asali, maboga ya kila umbo. Kuna pia vibanda vya soseji ndefu nyekundu ambazo watu huzila wamesimama. Ni za nguruwe. Nilipita kwa adabu zangu, ingawa binti anadai nilipunguza mwendo.

Mtoto akalia. Binti akaingia chini ya baraza la mnara, kwenye mlango mkuu, akaketi pembeni kumnyonyesha. Mimi nikageukia ukuta, na mwashi akigeukia ukuta haachi kuupapasa. Mkono ukagusa mchoro. Duara. Nikalifuata kwa kidole, likanirudisha nilikoanzia. Kando yake duara jingine, na umbo jingine refu. Na miaka: 1270, 1317, 1320.

Ni mikate, Mhariri. Wamechonga ukubwa wa mkate kwenye jiwe la kanisa. Bei ya mkate ilikuwa haibadilishwi ovyo. Kilichopanda na kushuka ni ukubwa wake, kwa kufuata bei ya nafaka. Ule mwaka 1317 uko ndani ya njaa kubwa iliyoipiga Ulaya ya kaskazini tangu 1315. Mkate ukipungua kwa sababu nafaka imeadimika, kipimo kipya kiko ukutani, kila mtu anakiona, na mwoka mikate hawezi kujipunguzia zaidi ya pale akasingizia njaa. Mama aliyenunua mkate akaushuku alikuwa na hatua chache tu za kwenda.

Nikaendelea kupapasa. Nikaona umbo ninalolijua kuliko uso wangu. Tofali! Urefu wake na upana wake, na karibu yake kigae cha paa. Kuna kipimo cha kitambaa, sawa na dhiraa ya wazee wetu. Kuna kipimo cha nafaka. Kuna cha kapu la mkaa. Baraza lile lile lilikuwa pia mahali pa kusikilizia kesi, kwa hiyo mshitaki, mshitakiwa na kipimo vyote vilikuwa chini ya paa moja.

Humo barazani, kati ya masanamu mengi, kuna moja ya kijana mtanashati anayetabasamu. Ukichungulia mgongoni kwake, mgongo umejaa vyura na nyoka. Binti akaniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwambia huyu ninamfahamu, aliniuzia matofali.

Nieleze. Miaka sita iliyopita mjane mmoja wa Bugembe alinipa kazi ya nyumba ndogo. Nikapiga hesabu yangu kama nilivyozoea, tofali la inchi 9 kwa urefu na inchi 4 na nusu kwa kimo, nikamwambia anunue 6,000. Akauza ng'ombe, akanunua. Lori lilikuja mimi nikiwa saiti nyingine, yakapangwa, yakahesabiwa, kweli 6,000. Nilipoanza kujenga mkono ukaniambia kuna jambo. Nikapima: inchi 8, na kimo inchi 4. Unaweza kusema inchi moja ni kitu gani. Weka mshono wa nusu inchi, piga hesabu, utaona ukuta ule ule unadai matofali karibu 7,450. Nilipungukiwa na matofali 1,450. Na kila tofali dogo linaongeza mishono, kila mshono unakula saruji, kwa hiyo na mifuko ya saruji ikaisha mapema.

Mjane alinitazama hivi, hakusema kitu. Siku ya pili nikaitwa kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu, "Mzee, matofali yana miguu?" Muuzaji aliitwa, akaja amevaa shati jeupe, akasema maneno ambayo sitayasahau: "Waliagiza matofali 6,000, nimeleta 6,000." Hakusema uongo. Hakuna mtu kikaoni aliyeweza kuonyesha kidole mahali popote na kusema, tofali ni hili. Nikafanya kazi siku tisa bila ujira ili jina langu lisafishike, na hadi leo sina hakika kama lilisafishika.

Mnaofyatua matofali mnajua mimi sisemi mambo ya kubuni. Kila mtu ana kalibu yake ya mbao aliyoipigilia misumari mwenyewe. Udongo hupungua ukikauka, hupungua tena ukichomwa, kwa hiyo mfyatuaji mwaminifu hufanya kalibu kubwa kuliko tofali analolikusudia. Asiye mwaminifu, au asiyejua tu, anaipima kalibu kwa inchi 9 na kuacha jua na moto vifanye wizi kwa niaba yake. Siwalaumu wote. Wengine wanafyatua bondeni na watoto wao, maji magotini, na anayefaidi ni mwenye lori.

Na siyo matofali peke yake. Ile tumpeko, kikombe cha kupimia maharage, kitako chake hupashwa moto kikasukumwa juu, ukidhani umepata kikombe umepata robo tatu. Debe hubonyezwa ubavuni. Gunia la mkaa juu lina kilemba cha kupendeza na katikati lina vumbi na nyasi. Mizani ya dukani inakaguliwa, Shirika la Viwango huipiga muhuri, na huo ni utaratibu mzuri. Lakini tofali halipandi kwenye mizani. Fungu la mihogo halipandi. Kikombe hakipandi. Biashara kubwa ya maskini inapimwa kwa macho, na macho ya mnunuzi huwa yana njaa.

Sisi Waislamu tuna sura nzima katika Kurani inayoanza kwa kuwaonya wapunjao, wale ambao wakipimiwa hudai kijae, wakiwapimia wengine hupunguza. Wakristo nao wana onyo lao kuhusu mizani ya hila. Tunayasikia Ijumaa, wenzetu wanayasikia Jumapili, Jumatatu tunarudi sokoni na ile ile tumpeko. Watu wa Freiburg walisikia mahubiri kama sisi, kisha wakampa mwashi patasi.

Hili ndilo ombi langu, na naliweka kwa wazee wa misikiti, mapadri na wachungaji, viongozi wa masoko na wenyeviti wa LC. Kila mahali penye ukuta imara ambao watu hupita, pawekwe vipimo. Fremu ya chuma ya tofali, tundu la ndani likiwa na ukubwa uliokubaliwa, ichomekwe ukutani kwa saruji. Mkebe wa chuma mzito wa maharage, usiobonyea, ufungwe kwa mnyororo mfupi. Pete ya chuma ya kupimia unene wa gunia la mkaa, na mstari wa kuonyesha urefu wake. Hakuna umeme hapo, hakuna afisa wa kusubiriwa. Mama ana shaka, anakwenda, anajaza, anaona.

Nilipomweleza rafiki yangu mwalimu alinicheka. Akasema dunia ina simu za kila aina, wewe unatuletea mambo ya mwaka 1270. Nikamuuliza simu yake imewahi kumwonyesha kitako cha tumpeko. Akauliza tena, na hilo ni swali la haki, nani ataamua ukubwa? Sibishani na inchi. Wakae wafyatuaji, waashi, wenye malori na wanawake wanaonunua, wakubaliane, hata wakiamua tofali liwe la inchi 8 mimi nitapiga hesabu ya inchi 8. Kilichoniumiza Bugembe hakikuwa udogo wa tofali. Niliumizwa na kuambiwa dogo na kubwa vina jina moja na bei moja, na mimi ndiye mwizi.

Nimeshaanza. Nilimpelekea jirani yangu anayechomelea vyuma kipande cha nondo bapa, akanitengenezea fremu ya inchi 9 kwa 4 na nusu, na nafasi kidogo ya pembeni kwa sababu tofali la mkono halina uso wa kioo. Nimeijengea kwenye nguzo ya lango langu, upande wa barabara, juu kiasi cha kifua. Imamu wetu ameiona, amesema atalipeleka kwa kamati, na anayejua kamati anajua. Katekista wa parokia ya jirani alinisimamisha njiani akaniuliza bei ya moja. Nikamwambia alete chuma, kazi yangu ni bure, kwa yeyote, wa msikiti wowote au kanisa lolote kati ya hapa na Buwenge.

Wiki iliyopita nilitoka alfajiri kwenda kuswali. Taa ya simu ikamulika lile lango. Ndani ya fremu, kwenye kingo za juu na za pembeni, palikuwa na vumbi jekundu lililokwaruzwa, na chini kwenye nyasi kipande cha pembe ya tofali. Mtu alikuja usiku akapima. Sijui kama ni mnunuzi au ni muuzaji. Vumbi sijalifuta.

Jina langu nimewaandikia kwenye bahasha, ila naomba msilichape. Bado nanunua matofali.

Mwashi,
Walukuba, Jinja